Misuli ikikosa nguvu, usikimbilie sindano ya homoni

Kuna uchovu wa kawaida na kuna uchovu wa maradhi. Ule wa kawaida sote tunaujua. Umelima, umebeba gunia au umetembea juani kutwa nzima. Ukila na kulala, asubuhi unaamka mzima. Uchovu wa maradhi una sura nyingine. Humpata, kwa mfano, kijana wa miaka kumi na minane, mnene wa mikono na mwenye hamu nzuri ya chakula. Akiinua mtungi wa maji wa lita 20 na kwenda nao hatua chache, misuli inakakamaa, maumivu yanampanda mpaka anautua mtungi chini. Akikaa dakika chache anainuka na kuendelea kana kwamba hakikutokea kitu.

Kijana wa namna hii nyumbani huitwa mvivu. Shuleni mwalimu wa michezo humwona mjanja. Jirani naye hunong'ona kwamba labda ana mkono wa mtu.

Katika mji kama Masalani, kusini mwa Kaunti ya Garissa karibu na Mto Tana, jambo hili si dogo. Maisha ya huko yanadai misuli imara. Kuna maji ya kuchota, mifugo ya kufuata kwa mwendo mrefu na mizigo ya kupakia kwenye lori. Asiyeweza kufanya kazi hizo haonekani mgonjwa, huonekana mzigo. Ndipo jamaa, kwa nia njema kabisa, humpeleka kwenye duka la dawa "apigwe sindano ya nguvu".

Mara nyingi sindano hiyo huwa ni homoni ya aina fulani. Kwa hiyo swali la wiki hii ni hili: je, homoni inaweza kutibu misuli ambayo, kwa kurithi, haiwezi kutengeneza nguvu kutokana na chakula? Jibu fupi ni hapana, ila kwa hali chache ambazo nitazitaja. Jibu refu ndilo makala yenyewe, nami nakuomba usome hadi mwisho, maana kuna figo za watu zinazoweza kuokolewa hapa.

MISULI HULA NINI?

Msuli hauendeshwi kwa dua wala kwa nia. Una vyakula viwili vikuu. Cha kwanza ni sukari, ambayo mwili huihifadhi ndani ya misuli yenyewe na katika ini kwa umbo linaloitwa glikojeni. Cha pili ni mafuta, yanayoletwa na damu.

Unapoanza kazi nzito ghafla, kama kusukuma gari lililokwama mchangani au kukimbilia basi, msuli huchota kwanza glikojeni yake, kwa sababu hiyo iko karibu. Kazi ikiendelea kwa muda mrefu, au ukiwa na njaa, mafuta huanza kuchukua nafasi kubwa zaidi. Vyote viwili mwishowe huchomwa katika vijitanuri vidogo mno vilivyomo ndani ya chembe za mwili, viitwavyo mitokondria.

Kila hatua ya safari hiyo ina mfanyakazi wake, yaani kimeng'enya. Mtu akizaliwa bila kimeng'enya kimoja, hatua moja hufungwa. Chakula kipo ghalani, lakini mlango wa ghala hauna ufunguo.

MGONJWA WA LONDON

Mwaka 1951 daktari Brian McArdle wa Hospitali ya Guy's, London, alieleza habari za mwanamume wa miaka 30 aliyekuwa akiumwa na misuli tangu utotoni kila alipofanya kazi. McArdle aligundua jambo la ajabu. Mtu mwenye afya akifanyisha misuli kazi ngumu, asidi ya laktiki hupanda katika damu, kwa kuwa ndiyo mabaki ya sukari iliyotumika. Kwa mgonjwa huyu haikupanda. Akakata shauri kwamba misuli ya mtu huyo ilikuwa imeshindwa kuvunja glikojeni.

Mwaka 1959 watafiti wa Marekani walikipata kimeng'enya kilichokosekana: kinaitwa fosforilasi ya misuli. Hadi leo maradhi hayo hubeba jina la McArdle. Ni nadra. Makadirio yanayotajwa sana ni mtu mmoja kati ya 100,000, na wengi hupita miaka mingi bila kutambuliwa, wakiitwa wavivu.

KWA NINI HOMONI HUSHINDWA?

Homoni ni tarishi. Hutoka kwenye tezi, husafiri na damu na kupeleka amri. Adrenalini, ile homoni ya hofu na haraka, huuambia msuli: "Vunja glikojeni, kuna kazi!" Anayetekeleza amri hiyo ni fosforilasi. Sasa kwa mgonjwa wa McArdle tarishi amefika na barua imesomwa, lakini mfanyakazi hayupo. Ongeza matarishi kumi, utaongeza kelele tu.

Homoni nyingine iliyowahi kujaribiwa ni glukagoni. Hii hulifanya ini litoe sukari yake katika damu. Wazo lilikuwa zuri: ikiwa ghala la msuli limefungwa, basi tulete sukari kutoka ghala la ini. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wachache, hasa katika miaka ya 1980, na matokeo yakawa ya kupishana. Wengine walipata nafuu ya muda, wengine hawakuona lolote. Haikuwa tiba ya kutegemewa, na mtu hawezi kuishi kwa kudungwa kila mara anapotaka kupanda ngazi.

Hata hivyo, wazo lenyewe halikupotea bure. Watafiti John Vissing wa Denmark na Ronald Haller wa Marekani walionyesha mwaka 2003 kwamba wagonjwa wa McArdle waliokunywa gramu 75 za sukari, dakika 30 hadi 40 kabla ya mazoezi, walifanya kazi kwa nafuu kubwa. Mwaka 2008 ikaonekana kwamba gramu 37 dakika tano kabla ya kazi zinasaidia pia. Hicho ni kiasi cha vijiko tisa vya chai. Kile kilichotafutwa kwa sindano kikapatikana kwenye kikombe!

Lakini usianze kunywa sukari ovyo. Njia hii ni kwa aliyethibitishwa kuwa na maradhi ya McArdle, na ni kabla ya kazi iliyopangwa, si kutwa nzima. Unene na kisukari ni mzigo mwingine kwa msuli ambao tayari ni dhaifu.

Isitoshe, mwili wenyewe una hekima yake. Mgonjwa wa McArdle akianza kutembea taratibu, akapunguza mwendo maumivu yanapoanza, baada ya dakika nane hadi kumi hivi mambo hubadilika. Moyo hutulia na miguu huwa myepesi. Waganga huita hali hii pumzi ya pili. Sababu ni kwamba damu sasa imeleta sukari ya ini na mafuta, na msuli umepata chakula kwa njia nyingine. Mchungaji anayeanza safari pole pole anaweza kufika mbali. Anayelazimishwa kukimbia hatua mia za mwanzo ndiye anayeanguka.

MKOJO WA RANGI YA CHAI

Hapa ndipo penye hatari, msomaji wangu. Msuli ukilazimishwa kupita kiasi huku hauna chakula, nyuzi zake hupasuka. Kitu chekundu kilichomo ndani yake humwagika katika damu na kuchujwa na figo. Saa chache baadaye mkojo hugeuka rangi, ukawa kama chai kavu au Coca-Cola. Figo zinaweza kuziba na kusimama kazi.

Katika maeneo ya Mto Tana mkojo wa rangi isiyo ya kawaida humfanya kila mtu afikirie kichocho, na hawakosei kufikiri hivyo. Maradhi hayo yanajulikana sana katika maeneo ya mto huo, yakiwemo Hola na Bura kwenye miradi ya kilimo cha umwagiliaji. Lakini tofauti zipo. Damu ya kichocho mara nyingi huonekana mwishoni mwa haja ndogo, na huja siku hata siku bila kujali umefanya kazi au umelala. Mkojo wa misuli iliyopasuka huwa mweusi-mwekundu tangu tone la kwanza, hufuata kazi nzito au homa, na mwenyewe huwa na misuli iliyovimba na kuuma.

Maabara ndogo kabisa inaweza kusaidia. Kijiti cha kupimia mkojo kitasema "kuna damu". Mkojo uleule ukitazamwa kwa darubini na zisionekane chembe nyekundu za damu, wala mayai ya kichocho, basi daktari anapaswa kufikiria misuli. Kipimo cha damu kiitwacho CK hutia muhuri. Kwa mtu mwenye afya CK huwa kwa kawaida chini ya mia chache, ilhali misuli ikipasuka huweza kufika makumi ya maelfu.

Tiba ni maji mengi ya mishipani, hospitalini, tena mapema. Aliyechelewa huenda akahitaji mashine ya kusafisha damu. Sasa fikiria kijana huyo, badala ya kupewa maji, amedungwa diklofenaki ya maumivu pamoja na deksamethasoni "ya nguvu". Diklofenaki na dawa za jamii yake hupunguza damu inayoingia katika figo wakati uleule figo inapozama. Sindano iliyokusudiwa kusaidia huweza kuwa ndiyo iliyomsukuma shimoni.

MAFUTA YANAPOKWAMA

Wapo wengine ambao sukari kwao ni salama, ila mafuta ndiyo hayaingii tanurini. Mwaka 1973 ndugu wawili wa tumbo moja walielezwa na Salvatore DiMauro na mwenzake huko Marekani. Kimeng'enya kilichokosekana kwao huitwa CPT. Mgonjwa wa aina hii anaweza kucheza mpira dakika kumi bila tatizo. Kinachomwangusha ni mwendo wa saa nyingi, njaa, baridi au homa, yaani pale mwili unapotegemea mafuta.

Utaona mara moja kwa nini hili ni muhimu kwa wenzetu wa Masalani na Waislamu kwa jumla. Mwezi wa Ramadhani mtu anaweza kufunga na huku anaendelea kufuata ngamia juani. Kwa mwenye maradhi haya, saumu pamoja na kazi ndefu ni njia ya mkato ya kuelekea mkojo mweusi. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Aliyethibitishwa kuwa na maradhi haya asione haya kuitumia, azungumze na daktari wake na pia na shekhe wake. Siku za kawaida asiache mlo wa asubuhi, na mlo wake uwe na wali, anjera, ugali, viazi au tende kwa wingi kuliko nyama ya mafuta na samli.

Homoni hapa pia haina la kufanya. Njaa yenyewe tayari imepandisha homoni za kuyeyusha mafuta. Mafuta yamejaa katika damu, yanagonga mlango, lakini hayafunguliwi.

PALE HOMONI INAPOTIBU KWELI

Nisije nikaonekana kwamba nazipiga vita homoni. Ziko hali ambazo homoni ndiyo dawa yenyewe, na kila mwenye misuli dhaifu anastahili kupimwa hali hizo kabla hajaambiwa kwamba maradhi yake ni ya kurithi.

Ya kwanza ni tezi ya shingo, thairoidi. Tezi hii ikilegea, misuli hukakamaa, hupata mkwamo wa maumivu na kuwa mizito, na CK hupanda pia. Mtu hunenepa, huona baridi wakati wengine wanatoka jasho, ngozi hukauka na choo huwa kigumu. Mgonjwa huyu anaweza kufanana sana na mwenye maradhi ya kurithi, lakini kidonge cha thairoksini kila siku humrudisha katika hali yake. Tezi ikizidi kazi, mapaja hulegea, moyo hupiga mbio na mtu hukonda. Hilo nalo lina dawa. Kipimo ni cha damu tu.

Ya pili ni kisukari. Mwaka 1992 watafiti, wakiwemo wa Uholanzi, walieleza familia ambazo kisukari na uziwi vilirithiwa pamoja kutoka kwa mama, kwa sababu ya kasoro katika mitokondria. Baadhi ya watu wenye kasoro hiyo hupata pia udhaifu wa misuli. Hawa wanaweza kuhitaji insulini, na insulini ni homoni. Angalia lakini: inatibu kisukari chao, haitengenezi tanuri lililoharibika.

Ya tatu ni tezi za juu ya figo zikishindwa kutoa kotisoli. Hapo hidrokotisoni huokoa maisha.

Kanuni ni rahisi. Homoni hutibu pale ambapo homoni yenyewe imepungua. Haichukui nafasi ya kimeng'enya.

Mfano mzuri wa kanuni hii ulitokea Sweden. Mwaka 1962 Rolf Luft na wenzake walimweleza mwanamke wa miaka 35 aliyekuwa akitokwa jasho jingi, akila sana na bado amekonda. Kila dalili ilielekeza kwenye tezi ya shingo iliyozidi. Vipimo vikaonyesha tezi haina kosa, mitokondria za misuli yake ndizo zilizokuwa zikichoma chakula ovyo bila kutoa nguvu ya kutosha. Ulikuwa ugonjwa wa kwanza wa mitokondria kutambuliwa duniani. Ulitambuliwa kwa sababu daktari alikubali kile kipimo kilichosema badala ya kung'ang'ania kile macho yalichodhani.

SINDANO ZA DUKANI

Deksamethasoni na prednisoloni ni dawa nzuri mikononi mwa anayezijua. Huokoa mwenye pumu kali. Humsaidia mtoto wa kiume mwenye maradhi ya kurithi ya Duchenne aendelee kutembea kwa muda zaidi, na pengine ndipo uvumi kwamba "steroidi hutibu misuli" ulipoanzia. Lakini Duchenne ni kudhoofika kwa ukuta wa msuli, si ukosefu wa chakula, na dawa hutolewa kwa kipimo na uangalizi wa miaka.

Anayezimeza ovyo ili anenepe au apate nguvu hufurahi wiki za mwanzo. Hamu ya chakula huja, uso hujaa, watu humsifu. Baadaye sukari ya damu hupanda, shinikizo hupanda, mifupa huwa myepesi, na kifua kikuu kilicholala huweza kuamka. Zaidi ya yote, steroidi zenyewe hula misuli ya mapaja na mabega. Mtu alitafuta nguvu, akaishia kushindwa kuinuka kitini. Na kama umezitumia kwa wiki nyingi, usiache kwa ghafla! Tezi zako zimelala, na kuacha ghafla kunaweza kukuua. Mwone daktari akupunguzie hatua kwa hatua.

NDOA ZA MABINAMU

Maradhi ya McArdle na ya CPT kwa kawaida hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Baba na mama ni wazima, kila mmoja amebeba jeni moja yenye kasoro bila kujua. Katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kurithi zote mbili. Hakuna wa kulaumiwa, wala si laana.

Ndoa ya mabinamu huongeza uwezekano huo, kwa kuwa jeni moja ya babu inaweza kufika pande zote mbili. Utaratibu wa kuoana ndani ya ukoo upo miongoni mwa Wasomali, Waarabu na jamii nyingine nyingi, nao una faida zake za undugu na mali. Nchini Oman, ambako wasemaji wa Kiswahili si wachache, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya ndoa zilikuwa za watu wenye udugu wa damu. Huko Bradford, Uingereza, utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watoto wa mabinamu walikuwa na hatari ya kuzaliwa na kasoro ya takriban 6 kwa 100, ikilinganishwa na 3 kwa 100 kwa wengine. Maana yake ni mbili: hatari huongezeka maradufu, na bado watoto 94 kati ya 100 huzaliwa bila kasoro.

Sitoi amri ya nani amwoe nani. Nasema tu kwamba ikiwa katika ukoo wenu kuna mtu anayekojoa mkojo mweusi baada ya kazi, wazee walitaje jambo hilo kabla ya posa badala ya kulificha.

UFANYE NINI?

Ikiwa wewe au mwanao ana misuli inayokakamaa kila akifanya kazi, kwanza muulize kuhusu mkojo. Ukiwa mweusi, nenda hospitali siku hiyohiyo, na ubebe sampuli katika chupa safi. Waambie alifanya kazi gani, alikula lini mara ya mwisho na kama alikuwa na homa.

Pili, apimwe yale ya kawaida kwanza: upungufu wa damu, sukari, chumvi za damu, virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na tezi ya shingo. Haya ni mengi kuliko maradhi ya kurithi, na yote yana tiba. CK ipimwe wakati wa maumivu na tena akiwa ametulia. Ikibaki juu, ombeni rufaa. Kutoka Masalani njia ni kupitia Garissa, na vipimo vya kipande cha msuli au vya jeni huhitaji hospitali kubwa zaidi, wakati mwingine sampuli kupelekwa ng'ambo. Ni safari ndefu na ya gharama, lakini kuepuka kupasua misuli hakuhitaji kusubiri majibu.

Tatu, atembee taratibu kila siku, aanze pole pole, asinyanyue vya kuvunja mgongo. Kulala kitandani mwaka mzima hudhoofisha misuli zaidi.

Nne, akiandikiwa dawa za kupunguza kolesteroli, au akitakiwa kufanyiwa upasuaji, amwambie daktari habari za misuli yake kabla. Baadhi ya dawa hizo, na baadhi ya dawa za usingizi, huweza kuiumiza.

Mwisho, mwalimu na mzazi wasimwite mvivu mtoto anayeanguka hatua mia za mwanzo na kuweza maili moja baadaye. Mvivu huchoka kazi yote. Huyu huchoka mwanzo wake tu, na hiyo ni dalili ambayo daktari anaweza kuifanyia kazi.